Kifuniko cha Thobile

"Fumba macho, Baba Gumede," alisema Daktari Pillay. "Nagusa kidole gani?"

Mzee Gumede alifumba macho, akatega masikio. Bangili za daktari zililia upande wa kulia. "Cha kati," alijibu bila kusita.

"Sijakugusa. Nimejikuna kichwa."

MaZungu, mkewe, aliyekaa kando na mkoba mapajani, aliguna. Gumede aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mezani. Ulikuwa wake, maana kovu la panga la miwa lilikuwa palepale. Hakuona hata aibu ya kukamatwa. Tangu walipomtia waya shingoni mwezi uliopita, mambo yalimpitia kama yanamhusu jirani.

"Mshipa uko wazi kabisa," daktari alisema, akimwonyesha picha. "Kazi imefaulu."

"Imefaulu," Gumede alirudia.

"Nilikwambia mapema, Baba. Mshipa ulikuwa umebana mno, ndiyo maana maneno yalikupotea mara mbili. Tunapouweka ule wavu wa waya ndani ya mshipa, wachache hupata kiharusi papo hapo, nawe ukawa miongoni mwao. Mkono unaweza kurudi, unaweza usirudi. Ila wavu unakukinga na kiharusi kikubwa, mradi vidonge hivi viwili usiviache hata siku moja. Ukiviacha, damu itaganda humo ndani."

"Wavu wenyewe umesukwa kwa mkono?"

"Kwa mashine."

"Nilijua tu," alisema Gumede, akavaa kofia.

Miaka thelathini Gumede alilinda ghala la sukari mjini Durban, na huko ndiko alikojifunza kusuka nyaya za simu. Alisuka vifuniko vya vyungu vya pombe akiangalia lango, wala hakuhitaji kuangalia mikono. Kidole gumba ndicho kilichokuwa jicho lake. Kilijua waya umekaza au umelegea kabla yeye mwenyewe hajajua. Wajukuu wawili wa kike walikwenda kwa waume zao na vyungu vyenye vifuniko vya babu. Jumamosi ilikuwa zamu ya Thobile, kitinda mimba, aliyeomba cheupe kitupu. Asingeweza kumkabidhi baba mkwe chungu kilicho wazi, watu wakauliza kwao hakuna babu.

Jumatatu Gumede alikaa barazani akasuka. Ilibidi atazame kila mzunguko, na bado waya ulimponyoka. MaZungu alipita na ndoo.

"Si alisema cheupe? Hiyo nyekundu ya nini?"

Gumede aliinua kazi yake. Ncha ya waya ilikuwa imemkata kidole gumba, hajui tangu saa ngapi, na damu ilikuwa imefuata mzunguko vizuri kuliko alivyosuka yeye. Haikukata hadi jioni. "Vidonge vyenu hivyo," alisema, ingawa MaZungu hakuwa ameviandika. Akafumua kazi yote.

Jumanne alivitia vidonge mdomoni mbele ya mkewe, akanywa maji, kisha akavitema ndani ya kopo la nyaya. Jumatano hivyohivyo. Hakuona kwamba anacheza na roho yake. Aliona kifuniko, basi, na siku tatu zilizobaki.

Alhamisi MaZungu alifungua kopo akitafuta mkasi. Alikuta vidonge vinne vimeshikamana na waya wa kijani. Alikaa chini kwenye mkeka, naye si mtu wa kukaa chini asubuhi.

"Qwabe," alimwita kwa jina la ukoo wake. "Unataka Thobile aolewe Jumamosi, Jumapili tukuzike?"

"Nataka kisiwe na damu."

"Basi wewe una akili za mbuzi! Ulimsikia daktari kwa masikio yako. Unaniacha na nani mimi?"

Alikuwa analia. Gumede alimtazama, akijua kwamba hapo ndipo moyo unapopaswa kuuma. Aliusubiri uanze kuuma. Haukuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Lete vya leo."

Alimeza, akafungua kinywa, MaZungu akachungulia hadi chini ya ulimi kama anayekagua ng'ombe. Kisha akaivuta fremu ya kifuniko, akaiweka mapajani mwake.

"Nielekeze. Damu yangu mimi inaganda."

"Wewe? Mkeka tu unakushinda."

"Nielekeze, mzee!"

Akamwelekeza. Vuta, zungusha, kandamiza. Mzunguko wa kwanza ulikwenda upogo, wa pili ukanyooka kidogo. "Kidole gumba kiwe nyuma ya waya, siyo juu," alisema, na maneno yaliposhindwa aliuweka mkono wake wa kulia juu ya wa mkewe, akauongoza. Wakasuka hivyo, weupe juu ya weupe, mpaka jua likafika kizingitini.

"Qwabe," MaZungu alisema taratibu. "Unaniumiza."

Gumede aliangalia chini. Vidole vyake vilikuwa vimeubana mkono wa mkewe hadi kucha za MaZungu zimepauka, naye hakujua kwamba alikuwa anaubana. Alitaka kuviachilia, akavitazama, akangoja vifunguke.

MaZungu hakuutoa mkono wake.