Beberu wa Karata ya Mwisho

Mzee Masumbuko wa mtaa wa Picha ya Ndege, bwana mifugo mstaafu, alikuwa anatoka na beberu wake kwenda Kisarawe kucheza karata za poka. Mkewe, Loyce, akamzuia mlangoni.

"Baba Dotto, huyo ni wa ubatizo wa mjukuu wetu Blessing. Jumapili wageni wanakuja."

"Anakwenda kunyoosha miguu tu. Jioni tunarudi naye."

Hakuwa anadanganya. Beberu yule alikwisha kuwekwa dau mara nyingi kuliko watu walivyowahi kupiga kura, na hajalala ugenini hata siku moja. Siri ilikuwa kwenye ukubwa wa dau. Wenzake walicheza kwa mayai: karata nzuri, mayai mengi, karata mbovu, yai moja. Hata kuku aliyeyataga angewasoma. Masumbuko naye aliweka mayai mpaka karata ya nne ya mezani. Ikifunuliwa ya tano, ya mwisho, anaweka beberu mzima. Awe na karata, asiwe nazo, beberu ni yuleyule, na uso ni uleule wa ng'ombe anayesubiri chanjo. Anayetaka karata zake zifunuliwe aweke magunia mawili ya mkaa. Asiyetaka atupe karata zake. Wote walikuwa wanatupa. Beberu mwenyewe alishazoea: karata ya nne ikilala mezani, anaacha kucheua, anasimama tayari.

Siku hiyo, barazani kwa Bi Raudha, muuguzi mstaafu, walibaki wawili. Masumbuko alishika tatu na saba, ambazo hazikuwa na undugu na kitu chochote pale mezani. Karata ya mwisho ikafunuliwa.

"Beberu," akasema.

Bi Raudha hakuangalia karata zake. Alimwangalia mbuzi.

"Abednego," akamwambia jirani yake, aliyekuwa amekwisha kutupa zake, "hebu sogeza mkaa."

"Umefikiri, dada yangu?" Masumbuko akauliza.

"Tangu mwezi wa Ramadhani."

Akafunua sita mbili, karata ambazo mtu mwenye akili haziwekei hata yai viza.

"Nani kakwambia sina kitu?"

"Wewe, kaka. Ukiwa na karata, mbuzi anabaki na kamba shingoni. Ukiwa huna, unamvua kabla hujafungua mdomo."

Masumbuko akatazama mikono yake. Kamba ilikuwa humo, imekunjwa vizuri. Kwao Shinyanga mnyama akienda kwa mwingine, kamba hubaki na mwenyewe, baraka ya zizi isije ikaondoka naye. Mikono ilikuwa inafuata mila bila kumshirikisha.

Abednego alicheka mpaka akakalia mayai.

Jioni Loyce alikuwa anasubiri palepale mlangoni.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Yuko Kisarawe."

Loyce, naye mtu wa Shinyanga, akauliza jambo moja tu.

"Na kamba?"

"Ninayo."

"Afadhali."

Jumapili wageni walikula maharage.