Kiuno Ishirini na Nne

Siku ya kumi na mbili ya mfungo wangu nilikuwa nalibana gauni la harusi la binti yangu kwa mara ya nne.

"Mama, ukibana tena nitaolewa nimevaa foronya," akasema. Akacheka, kisha akashika meza apate pumzi.

Hospitali walimpima kila kitu, hawakuona kitu. Alianza kukonda wiki niliyomjaribisha gauni. Nikaamua kufunga, Mungu amponye kabla ya harusi. Niliomba kwenye chumba cha kushonea, nikiligeuzia mgongo kabati lenye gauni.

Lesi ya gauni lile haikuwa yetu. Mama Miwani, mteja wangu wa miaka mingi, aliileta nimshonee binti yake. Nikaandika vipimo vya binti huyo alivyonitajia. Wiki hiyohiyo Mama Miwani akafariki, nami nikaikata kwa ajili ya mwanangu.

Siku ya pili ya mfungo yule binti alikuja.

"Shikamoo, mama fundi. Mama aliacha kitambaa chochote hapa?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Nimefunga leo, sina nguvu ya maneno mengi."

Nilisema huku natia uzi kwenye sindano. Uliingia mara moja tu. Nikajiambia nitatubu harusi ikipita. Mungu naye anajua uchungu wa mzazi.

Tangu siku hiyo, kila jioni nilitundika gauni kabatini likiangalia ukuta. Kila asubuhi nililikuta limegeukia mlango.

Sasa nikazungusha futi. Kiuno, ishirini na nne. Kifua, thelathini na moja. Nyonga, thelathini na tatu. Mkono ukasita juu ya daftari. Namba hizo nilishawahi kuziandika. Nikarudisha kurasa. Zilikuwepo zote tatu, kwa mwandiko wangu, chini ya maneno "Binti wa Mama Miwani."

"Vua," nikamwambia mwanangu.

"Si hujamaliza?"

"Nimesema vua!"

Nililipeleka mchana ule ule. Yule binti akalipokea mlangoni bila kushtuka.

"Nilikiona kipande cha lesi ya mama sakafuni kwako siku ile," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema umefunga, mama. Nani ambishie mtu aliyefunga?"

Akaingia ndani, akalivaa, akatoka. Halikuhitaji hata pini moja. Niliomba msamaha nikiangalia miguu yake, kwa sababu usoni alikuwa mama yake mtupu.

Nyumbani nilimweleza mwanangu yote.

"Kumbe ulikuwa unaniombea umesimama mbele ya kabati lile," akasema, akageukia ukuta.

Nimeanza mfungo upya. Leo nahesabu moja. Kabati nimeliacha wazi, tupu. Mwanangu amelala chumba cha pili. Futi iko mezani, na sijathubutu kumpima.