Shokapu Motoni

Mume wangu Hashiru ana adabu inayokera. Ni fundi magari pale Maili Moja, na ni hodari kweli, lakini tukifika Vihingo kwa baba yangu anakuwa kama mwali. Hata kukohoa anaomba ruhusa.

Jumamosi moja tulikuwa tumemaliza kutengeneza tanuri dogo la kukunjia vyuma: rimu ya lori, ndani tumekandika udongo wa kichuguu, ubavuni bomba la kupitisha hewa. Baba alitaka kukunja nondo za madirisha ya nyumba yake mpya. Mimi nikapewa feni ya kuzungusha kwa mkono. Mkaa ukashika, nondo ya kwanza ikakunjika vizuri, baba akacheka kama mtoto.

Hashiru akaenda kisimani kuongeza maji. Aliporudi alisimama ghafla, ndoo mkononi. Nikafuata macho yake. Katikati ya makaa kilikuwa kimechomoza kichwa cha shokapu ya gari, kile chuma cha kupunguza mitikisiko, nzima.

"Baba, samahani," alisema. "Hiyo shokapu..."

"Nimeiweka mimi. Shafti yake ya ndani ni chuma kigumu. Nataka nipate tindo."

Nikaacha kuzungusha. Hashiru alishawahi kunieleza kwamba shokapu ina mafuta yaliyofungiwa ndani, na ikikaa motoni hupasuka kama bomu. Na baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tanuri, anachokoa makaa kwa koleo.

"Baba, sogea!" nilisema.

"Zungusha, Sada. Umekuwa fundi tangu lini?"

Hashiru akapiga goti. Wallahi, alipiga goti! "Baba, kwa heshima yako, naomba tuitoe kidogo, tuitoboe kwanza..."

"Mwanangu, mimi nachoma vyuma wewe hujazaliwa."

Shokapu ikaanza kulia, sauti nyembamba kama ya birika. Nilimchukia mume wangu wakati ule, nasema kweli. Nilichukia lile goti lake. Baba yangu anakwenda kufa, yeye anatafuta maneno mazuri. Baba akainama asikilize vizuri.

Ndipo Hashiru akamrukia. Alimkumba mzee kifuani, wakaangukia nyuma ya rundo la matofali, kofia ya baba ikarukia huko. Nikajitupa chini. Shokapu ikalipuka kwa mlio mmoja, makaa yakamwagika ua mzima, kuku wakatawanyika.

Nilipoinua kichwa, Hashiru alikuwa bado amemlalia baba. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

 Baba alikuwa akitazama kiti chake. Mgongo wa kiti ulikuwa na tundu, na shafti ya shokapu ilikuwa imejikita kwenye ukuta uliokuwa nyuma yake.

"Hashiru," alisema.

"Naam, baba."

"Siku nyingine nitupe kwanza. Shikamoo utanipa nikiwa chini."

"Sawa, baba," Hashiru alisema. "Shikamoo."

Baba akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia. Sikuwahi kumsikia akilia kabla ya siku hiyo.