Kugonga Mara Moja ni Kupunguza Mwendo

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi ilikuwa na manyunyu mepesi yasiyotosha kulowesha shati. Mama Pacha, mwosha magari wa gereji, alikuwa akijaza ndoo zake bombani pale pikapu ya muuza matofali ilipoingia na kushtuka mara moja, kama mtu aliyejikwaa kizingitini.

"Bado inapiga teke," alisema muuza matofali akishuka. "Nikipunguza mwendo tu, ikitoka gia ya tatu kurudi ya pili, shingo inataka kukatika. Na hii ni otomatiki, fundi! Niliinunua nisihangaike na klachi."

"Uzee, bosi."

"Wangu au wake?"

"Ngoja tuangalie."

Wapakiaji watatu waliokuwa wamekaa nyuma walicheka, wakaruka chini, wakaenda kujibanza chini ya bati.

Fundi alinong'ona sala yake fupi, ile anayoisema kabla ya kufungua boneti yoyote, kisha akaanza kazi. Aliacha injini ipate moto. Ikiwa bado inaunguruma, akachomoa kijiti cha giaboksi, akakipangusa, akapima upya. Mafuta yalifika kwenye alama, yalikuwa mekundu, wala hayakunuka kuungua. Maunti, zile raba zinazoshikilia injini, zilikuwa nzima. Viungo vya propela havikucheza. Kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi, ambayo ikikazwa kupita kiasi hufanya gia zibadilike kwa hasira, ilikuwa imekaa panapotakiwa.

"Twende barabarani," alisema.

Walikwenda wawili, fundi akiwa kwenye usukani. Kwenye mteremko wa kuelekea makutano aliachia pedeli ya mafuta. Mtu akagonga paa la kebini, mara moja. Papo hapo gia ikashuka kwa teke lililomrusha muuza matofali mbele. Fundi alitazama kioo. Nyuma alikuwa amekaa mume wa Mama Pacha, ambaye walimzika mwaka juzi, amevaa ovaroli lake na mfuko wa saruji alioukunja ukawa kofia. Alimpungia fundi mkono. Fundi naye akampungia.

"Huwa anapandia hapa," alisema muuza matofali. "Lakini si mzito. Sidhani kama ndiye tatizo."

Walirudi naye gereji. Fundi aliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaliweka gari juu ya stendi, akaingiza gia, magurudumu yakawa yanazunguka hewani.

"Baba Pacha, hebu gonga."

Alipogonga mara moja, gia ilishuka kwa teke. Alipogonga mara mbili, ilipanda taratibu, hata maji ya ndoo yasingemwagika. Fundi alimwomba arudie, kwa sababu hakupenda kutoa jibu la kubahatisha.

"Giaboksi haina ugonjwa," alisema mwishowe, akifuta mikono. "Inatii. Ni utaratibu wenu wenyewe wa mizigo, bosi. Mpakiaji akigonga mara moja, punguza mwendo. Akigonga mara mbili, twende. Zamani gari lilikuwa linamsubiri dereva. Sasa halimsubiri."

Mama Pacha aliweka sponji chini.

"Kumbe siku ile aligonga," alisema.

Siku ile mlango wa nyuma ulifunguka kwenye mteremko uleule. Matofali yalimwagika, na mume wake akaenda nayo. Muuza matofali aliwaambia watu kwamba marehemu hakuwa kazini; alikuwa amelewa, akitembea katikati ya barabara. Watu walimwamini, maana ndiye aliyetoa gari la kubebea jeneza, gari hilihili. Tangu hapo pacha wake waliitwa shuleni watoto wa mlevi, ilhali baba yao hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, isije ikawa na kileo.

"Sitaki kitu chako, bosi," alisema Mama Pacha. "Wewe sema tu hapa, watu wasikie. Alikuwa kazini, na hakulewa. Basi. Nikawaambie wanangu."

"Shemeji, mumeo hakuwemo kwenye gari langu."

"Si huyo hapo?"

"Leo yumo. Siku ile hakuwemo." Alijikuna shingo. "Na hata angegonga, nisingesikia. Redio ilikuwa juu."

"Gari hili halijawahi kuwa na redio," alisema fundi kwa upole. Kwenye dashibodi, pale ambapo redio ingekaa, palikuwa na tundu, na ndani yake muuza matofali aliweka miwani yake.

Muuza matofali alilitazama lile tundu. Kisha akamgeukia fundi. "Mimi nimekuletea gari. Sikukuletea kesi. Utalitengeneza, au nilipeleke kwingine?"

Fundi aliinama, akailegeza ile kebo kidogo. Alijua kwamba hiyo si tiba. Giaboksi ingeendelea kusikia na kutii kama kawaida, ila aliyekaa mbele asingehisi kitu tena. Alimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, akakaza nati.

Walipojaribu, mume wa Mama Pacha aligonga, na gia ikashuka kimya.

"Hapo sawa," alisema muuza matofali. "Hapo umefanya kazi."

Gari liliposhushwa kutoka kwenye stendi, Mama Pacha alipanda nyuma na ndoo yake. Alimwambia mumewe ainue miguu, akaosha chini yake.

"Teremka basi, Baba Pacha. Twende nyumbani."

"Niko kazini," alijibu. "Hatujafika bado."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, akashuka na ndoo.

Manyunyu yalikuwa yamekatika. Wapakiaji walirudi, wakapanda. Muuza matofali aliona watu wanamtazama: fundi, Mama Pacha na wateja wawili waliokuwa wakisubiri magari yao. Alivua kofia, akainua mkono wa kulia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema kwa sauti, "naahidi. Kuanzia leo hakuna mtu atakayepanda nyuma ya gari hili."

"Amina," waliitikia wapakiaji watatu kutoka nyuma, wakisogeleana ili marehemu naye apate nafasi ya kushika ukingo.