Mizizi ya Nyuma

Mimi ndiye niliyeikata ile mizizi, na hadi siku mume wangu Kyule alipopanda mti hakuna aliyejua.

Mti wenyewe ulikuwa miti miwili. Mgunga ulikuwa wa marehemu baba mkwe wangu, wa kutundikia mizinga ya nyuki. Kisha ndege akaacha kinyesi kwenye panda, mbegu ya muumo, ule mtini wa mwituni, ikaota huko juu, na mizizi ikateremka taratibu ikiubana mgunga mpaka chini. Nilipoolewa hapa Ikutha mizizi ilikuwa minene kama mkono wangu. Miaka kumi na minne baadaye ilikuwa kama kiuno changu, na kiuno changu si haba. Mgunga ulibaki na tawi moja la kijani. Kila nikipita nilihisi ni mimi ninayekabwa koo.

Kwetu muumo ni mti wa matambiko, haukatwi. Mwaitu Kalunde, mama mkwe wangu, huimba kwaya kila Jumapili, lakini thubutu kuvunja kijiti cha muumo mbele yake. Kwa hiyo nilisingizia tumbo, wakaenda kanisani bila mimi, nikachukua panga. Nilikata mizizi mitatu ya nyuma, upande wa korongo, nikaifunika kwa matawi ya miiba. Nilijiona mjanja. Muumo ungekauka polepole, mgunga ungepumua, na watu wangelaumu kiangazi.

Wiki tatu baadaye, mvua ikikaribia, Kyule alitaka kutundika mzinga mpya. Alipanda saa kumi alasiri kwa upande wa mbele, akikanyaga mizizi kama ngazi. Mimi na Mwaitu tulibaki chini kuvuta kamba ya kupandishia mzinga. Nilijiambia mti wa ukubwa ule hauwezi kujali mizizi mitatu, lakini viganja vilinitoka jasho hadi kamba ikateleza.

Mzinga ulipofika juu, kitu kikalia, kaa.

"Ni kamba hiyo," alisema Mwaitu.

Haikuwa kamba. Nilichungulia nyuma. Mizizi niliyoikata ilikuwa imeachana, pengo la kupitisha kichwa, na ndani yake hapakuwa na mgunga. Ulikuwa umeoza wote, unga mtupu wa mchwa. Uhai uliobaki ulikuwa wa ganda tu. Muumo ndio uliokuwa umebeba kila kitu, pamoja na mume wangu.

"Mwaitu, toka hapo! Baba Nzisa, shuka! Shukia nyuma!"

Kyule akacheka. "Nyuma kuna miiba. Leo umeingiwa na nini?" Akateremsha mguu upande uleule wa mbele.

Mti ukalia tena. Mwaitu alikuwa amesogea pembeni, akinikazia macho. Mungu anisamehe, niliogopa macho yale kabla sijaogopa mti. Kisha nikaona vumbi la mchwa likimwagika, nikapiga kelele.

"Nimeikata! Mizizi ya nyuma nimeikata na panga! Mti unaangukia mbele!"

Kyule hakuuliza tena. Alizunguka shina, akateleza, akajiachia juu ya miiba. Hata hajainuka vizuri, mti ukaanguka. Mzinga ulipasukia mahali Mwaitu alipokuwa amesimama. Mwaitu aliketi chini, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kuomba kwa Kikamba, na sikusikia jina langu popote katika maombi yale.

Jioni nilikaa na sindano nikimtoa Kyule miiba miguuni.

"Mama Nzisa, kamba ulinivutia wewe."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

Nilichomoa mwiba mwingine.

"Sasa huo mti kama haungelia," aliuliza, "ungeniambia?"

Niliinama nikaendelea kuchokoa unyayo wake, mahali ambapo hapakuwa na mwiba tena.