Makapi Yaliyoangukia Korogwe

Mhina alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa mbele ya gereji yake pale Sindeni, akisugua uso wa silinda kwa msasa. Mkewe, Yusra, alimletea chai na kiazi kitamu, akaviweka juu ya tairi bovu. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kawaida, kama za vijana wote wa bodaboda, ila hii ilikuwa inafungwa tabo. Tabo ni kama konokono wa chuma: moshi wa ekzosi unazungusha pangaboi upande huu, na upande wa pili pangaboi jingine linavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Mhina alikuwa ameifungua kwenye kigari kilichopinduka, mwenye gari akakubali.

"Fundi, hii itakimbia mpaka wapi?" vijana walimuuliza.

"Kukimbia si kazi. Kazi ni isife njiani."

Kwa hiyo hakuibana sana. Aliweka gasketi nene ili pistoni isisongwe, akabadilisha springi za klachi, akavuta mpira wa oili mpaka kwenye tabo ili isiungue kwa kiu. Kila nati aliikaza, akaifungua, akaikaza tena.

Sababu ya uangalifu huo ilikuwa mama yake. Bi Mwantumu alikuwa ameanza kupoteza majina ya watu, halafu akapoteza sura zao. Siku moja alikuja gereji ikiwa imejaa wateja, akapanda pikipiki mpya ya mwalimu mkuu, akakojoa pale pale kwenye siti, kisha akawatakia wote safari njema. Watu walicheka bila ubaya. Mwalimu mkuu mwenyewe alifuta siti na kusema, "Safari njema na wewe, bibi." Lakini Mhina alihisi uso umemwaka kama aliyeinamia chungu. Haikupita wiki akampeleka Korogwe, akampangia chumba nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Getruda. Pale kijijini akasema bibi amekwenda Dar es Salaam kwa binti yake.

Bi Mwantumu alikataa chakula cha Getruda. Sura zilikuwa zimemtoka, mkono wa Yusra katika ugali haukumtoka. Basi kila mchana Mhina alipaswa kumpelekea chakula na kurudi kabla gereji haijamuuliza alikokwenda. Pikipiki ikimfia njiani, mtu atasimama kumsaidia, na anayekusaidia hukuuliza unatoka wapi.

Siku alipoiwasha na kushika lami, upepo wa Sindeni ulimfuata wote.

Ulikuwa msimu wa kupeta mbaazi. Munira, jirani yao, alikuwa ameinua ungo juu ya kichwa, akamimina. Mbaazi zilishuka, na makapi yakashuka pamoja nazo, pole pole, kama mke na mume waliotoka shamba. Aliinua tena. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimening'inia tu.

"Tabo imevuta," Munira alisema.

"Imevuta," Yusra alijibu.

Wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Mhina aliporudi, upepo ulirudi naye ukiwa umechoka, wenye kupepea inzi tu. Kesho yake yakawa yale yale, na mbaazi zikaanza kuingia wadudu.

Makapi yaliyokuwa yamelala uwanjani, tabo iliyavuta nayo. Yalitokea Korogwe, juu ya bati la Getruda peke yake. Nyumba za kulia na kushoto zilibaki safi.

"Shikamoo, mama," Mhina alimsalimia Getruda.

"Marahaba. Haya makapi yenu nani anafagia?"

Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa akiyakinga. Alikaa uani na ungo mapajani, akisugua ganda moja moja kati ya vidole.

"Haya ya Munira," alisema. "Yule hapuri, anabembeleza." Akachukua jingine. "Haya ya shamba langu. Yamepurwa mabichi. Mwambieni mkwe wangu asiwe na haraka." Kisha akamwinulia macho mwanawe. "Na wewe fundi, kwenu wapi, baba?"

Getruda alikuwa anasikiliza, ufagio mkononi.

"Hapa hapa mjini," Mhina alisema, akamfungulia bakuli.

Katika nyumba ile ile alipanga Lukasi, muuza ndoo na mabeseni kwenye magulio. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, na mtani akikutukana hukasiriki. Siku ya gulio la Sindeni alishusha mabeseni yake, akapaza sauti mbele ya watu wote.

"Mtani! Mzigua mwizi wa upepo! Mama yako umemficha Korogwe kwa sababu ya mkojo, halafu makapi ya kijiji kizima tunalalia sisi!"

Muuza dagaa alishika mizani hewani. Mhina alitazama mikono yake yenye oili, na maneno yakamfika kooni: ni kweli, jamani, ni kweli. Hapo ndipo mzee Sufiani alipoangua kicheko, maana mtani akisema huchekwa. Wengine wakafuata, hata muuza dagaa.

"Lakini nasema kweli!" Lukasi alisema.

"Mtani naye!" watu walisema, wakijifuta machozi. "Leo kaamka nayo!"

Mhina akacheka na yeye. Lukasi alimvua kofia akaivaa, kama haki yake ya utani, akaendelea kuuza mabeseni. Yusra peke yake hakucheka. Jioni alipomwekea mumewe maji ya kunawa alisema, "Baba Jabiri, mlete mama."

"Mbaazi zikiisha."

Mbaazi ziliisha, yakaja mahindi. Wanawake wa Sindeni walizoea kupeta asubuhi, kabla fundi hajaondoka. Aliyechelewa aliambiwa, "Shauri yako, upepo umekwenda Korogwe." Haikuwa habari tena.

Mchana mmoja Bi Mwantumu alimaliza kula, akanawa, akamtazama Mhina kama anayetazama mgeni anayempendeza.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mwana ana mbio kuliko upepo. Kila siku anakuja, na hajafika."

Mhina alilijua jibu. Alitoa kapi moja kwenye nywele nyeupe za mama yake.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Tanga."

"Tanga nimekwenda, nikala samaki, nikarudi. Mwingine."

"Nakupa Moshi."

"Moshi baridi. Sitaki."

"Muheza, basi."

"Nipe Sindeni," alisema Bi Mwantumu. "Nasikia wana mbaazi."

Mhina alifunika bakuli, akalifunga kwenye kitambaa, akakaza fundo.

"Nakupa Dar es Salaam, mama."

"Haya. Nimekwenda Dar es Salaam," alisema, "sikukuta mtu."

Jibu hakulitoa. Alirudia ungo wake. Mhina alipanda pikipiki, na ikawaka kwa teke la kwanza, kama siku zote. Haijamharibikia hata mara moja.