Vyumba Vitatu vya Mama

Jana usiku niliota niko ndani ya kichwa cha mama, nimeshika viatu mkononi.

Sikushangaa. Nafundisha falsafa ya zama za kati chuoni, na baadhi ya wanafalsafa wa zama hizo walisema akili ya mtu ina vyumba vitatu: cha mbele cha picha, cha kati cha kupima mambo, cha nyuma cha kumbukumbu. Nilichotaka kujua ni kama mama bado anaishi humo. Tangu apatwe na kiharusi hajasema neno, na kaka yangu Mbwana ameanza kumzungumzia kama marehemu.

Chumba cha mbele kimejaa picha zinazoanika nguo. Tembo mwenye sura ya shangazi ananisalimu. Naitikia, napita.

Chumba cha kati, mizani inakunywa chai.

"Una hoja?" inauliza.

"Sina. Nina wasiwasi, namtafuta mama."

Inaupima wasiwasi wangu, inaguna. "Mzito huu. Pita."

Mlango wa nyuma umefungwa. Nabisha hodi.

"Hakuna mtu," mlango unajibu.

"Kama hakuna mtu, unamfungia nani?"

Haufunguki. Hapo napandwa na hasira, naufokea kama mtu aliyenikanyaga: "We mlango, fungua! Humo yumo mama yangu!"

Unafunguka, unalalamika.

Ndani hakuna sakafu wala kuta. Mama anaelea kwenye anga tupu, hagusi kitu. Kuna hoja ya kale kwamba mtu akielea hivyo, haoni, hasikii, haugusi hata mwili wake, bado atajua kwamba yupo. Mimi huifundisha kila mwaka bila kuiamini sana.

"Shikamoo, mama. Upo?"

Hawezi kunisikia, lakini anajibu.

"Marahaba. Nipo. Niende wapi?"

"Mbona husemi, basi?"

"Maneno yangu yako chumba cha kati, yanakunywa chai na mizani. Yakimaliza yatakuja."

Nalia. Machozi yanapanda juu badala ya kushuka, na mwili wote unakuwa mwepesi.

Niliamka kumekucha, nimelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mama. Mbwana alikuwa ameingia na bakuli la uji. Mama alikuwa ananitazama. Midomo yake ilihangaika, ulimi ukajikokota.

"Usi... usiufokee mlango," alisema. "Una... roho nyepesi."

"Mlango gani, mama?" Mbwana aliuliza, bakuli likiinama mkononi mwake.

Nililichukua bakuli kabla halijamwagika. Mama akafungua mdomo kwa ajili ya uji.